Unene wa Tofali Moja

Nyumba arubaini na moja, bega kwa bega,
zimeshuka mlima hadi mtoni:
paa moja la mawe meusi, mvua moja,
na Prosser akiwasha moto kwake
moshi hunikohoza mimi.

Mimi namba kumi na saba. Yeye kumi na nane.
Kati yetu tofali moja, lililosimamishwa kwa pupa
na kampuni ya makaa enzi za babu zetu,
na karatasi ya maua: upande wangu waridi,
upande wake sijui. Sijaingia tangu mgomo.

Gwilym Prosser alirudi shimoni wiki tatu
kabla ya wenzake. Basi lenye nyavu madirishani
lilimchukua alfajiri, nami nikiwa mlangoni,
mtoto kiunoni, na neno nililomtupia
silirudii hapa. Miaka thelathini na minane
tunaanika nguo ua kwa ua, macho kwenye vibanio.

Lakini ukuta haukugoma.
Ukuta ulinipa birika lake saa kumi na moja na nusu,
redio yenye mechi ya raga, kijiko kikizunguka kikombeni
mara sita, sukari nyingi mno kwa umri wake.
Ulinipa usiku aliofariki Ceinwen.
Hakulia. Alihamisha kiti, akakirudisha,
akakihamisha tena, hadi kukacha.
Nilikaa upande wangu, kiganja ukutani,
chai ikapoa.

Na kikohozi. Vumbi lile lile
lililomzika Emlyn wangu
limepanga kifuani mwake, huamka saa nane usiku.
Nimezoea kulala nacho
kama wengine walalavyo na mlio wa saa.

Jumanne kikakosa.
Saa nane. Saa tisa.
Kimya kikapenya tofali
kikaketi kitandani kwangu.

Nikashuka peku, nikashika chuma cha kuchochea moto.
Zamani mama zetu waligonga nyuma ya jiko:
moja, nimeishiwa chumvi;
mbili, njoo;
tatu, njoo mbio.

Nikagonga tatu.
Plasta ikadondoka. Mbwa wa namba ishirini akabweka.
Nikagonga tena, nikaita, "Gwilym!"
jina likatoka na kutu yake.

Halafu, kwa mbali, chini kabisa karibu na sakafu,
chuma juu ya tofali.
Moja.

Nikajaza chumvi kikombeni,
nikaanza kutafuta viatu.