Mfupa wa Dome

Lilishushwa Kilindini mwaka wa sitini na saba,
kreni ikalining'iniza juu ya gati
kama kipuli kisicho na mwenziwe.
Jekundu. Wazi. Viti viwili, wala hapana cha tatu
cha mama mkwe, wala pa kuweka gunia la nazi.
"Gari la choyo," alisema karani wa forodha,
akaipigia karatasi muhuri,
kisha akalizunguka mara ya pili.

Mwenyewe Bwana Corradi, fundi wa mabomba
kule kiwanda cha mafuta, Changamwe.
Usukani wake kushoto, na sisi twapita kushoto;
akitaka kulipita lori pale Makupa
sharti amuulize mkewe: kweupe?
Watu walisema ndoa ile
ilidumu kwa swali hilo moja.

Mimi nililikuta limeshauzwa mara tatu,
karakana ya baba, Shimanzi, nyuma ya maghala ya chai.
Chumvi imekula sakafu; ukiendesha
unaona lami ikikupita katikati ya miguu.
Na mkia hapana.
Lori la saruji lilirudi kinyumenyume
likaukunja kama chapati.

Baba, Kombo wa Shee, hakuwa mtu wa maneno.
Alikuwa na nyundo saba, na saba zote alizipa majina.
Alipapasa ubavu, lile bonde refu
linaloanzia nyuma ya gurudumu la mbele,
likakata mlango,
likafifia kabla hujajua limekwisha.
Akasema: "Aliyelichora hili alikuwa anaaga."
Nilidhani ni mzaha. Baadaye sana nilisoma:
mzee wa Torino, katika michoro yake ya mwisho,
na mwaka lilipotoka ndio mwaka aliozikwa.

Mwenye gari sasa ni Twahir Bayusuf, muuza matairi.
"Ukate," alisema. "Ufanye butu.
Hata Wataliano wenyewe waliukata, miaka ya sabini.
Mizigo huingia zaidi."
Baba akafuta mikono.
"Wao walikata chao."

Lakini mkia wa duara unaanzia wapi?
Picha tulipata moja tu, ya harusi,
na bibi harusi amekaa juu ya mkia wote,
yeye na marinda yake.

Ndipo akaja sonara Pranlal na mlango uliobonyea,
na mfukoni mwake mfupa wa dome,
ule mweupe, mwepesi, unaookotwa ufuoni,
yeye huuchonga kalibu ya kumiminia pete.
Baba aliuinua kwenye mwanga wa dirisha.
Huku umejaa, kule umechongoka,
mgongo umepanda kidogo
kama mtu anayevuta pumzi.
"Nipe huu."
"Umo pete ya watu, Kombo."
"Nitailipa pete."

Siku kumi na moja. Bati la pipa, mfuko wa mchanga,
nyundo ndogo iitwayo Bi Mdomo.
Mimi nimeshika mfupa, jicho moja nimefumba:
bado, baba. Bado. Umepita. Rudi.
Hapo.
Mkono wangu ulinuka bahari hadi Ijumaa.

Likapakwa rangi. Twahir akalitazama
akasahau habari za mizigo.

Miaka ishirini na kidogo,
akaja binti Corradi, mvi kichwani,
akitafuta kitu cha babake cha kushika.
Twahir akamleta kwetu, na gari.
Alipitisha kiganja mkiani, polepole,
halafu akacheka hadi akaketi chini.
Kwao, alisema, lilikuwa na jina la kiwandani,
na jina walilolipa watu wa mitaani.
Hilo la mitaani:
mfupa wa dome.

Nikamgeukia baba.
Alikuwa chini ya pikapu ya mtu,
miguu tu ndiyo inayoonekana.
"Nani kawaambia?" akauliza.
Kisha akatoa mkono,
akataka spana namba kumi na tatu.