Jokofu

Jokofu letu linakoroma usiku kama mzee mwenye pumu.
Zulma amelipaka rangi mara mbili,
mlango unashikiliwa na mpira wa baiskeli,
lakini hataki kusikia habari ya kuliuza.
Limetulelea watoto watatu, husema.
Hajui nililinunua kwa goti.
Si goti langu.

Paso Ceniza: mto Uruguay upande huu,
machinjio upande ule, uwanja katikati.
Upepo ukigeuka, mashabiki walikula harufu ya damu
pamoja na karanga zao.
Don Ubaldo alikuwa mwenye machinjio, mwenye timu,
mwenye kumdai kila mtu.
Ijumaa moja aliingia tulikobadilishia nguo, chaki mkononi,
akaandika ubaoni kwa mwandiko ule ule
wa bei za nyama dukani kwake:

Kifundo, elfu mbili.
Goti, elfu tano.
Akitoka kwa machela, naongeza.

Chini yake, namba saba.
Jina hakuandika. Nyama haina jina.

Tulicheka. Nakiri, nilicheka.
Kocha aliinama akifunga kamba
za viatu visivyo na kamba.

Nisikilize kabla hujanihukumu.
Mimi beki. Nilipiga watu bure miaka tisa.
Niliwakanyaga visigino, niliwararua jezi,
kiwiko changu kilizijua mbavu za wilaya nzima,
na baada ya kipenga tulipokezana kibuyu cha chai chungu,
mrija mmoja, mate ya kila mtu.
Zilikuwa hasira, au woga, au uchovu wa dakika ya themanini.
Zilikuwa zangu.
Jumapili ile sikuwa na hasira hata chembe.
Hicho ndicho kinachoniamsha.

Ochotorena. Wilmar. Winga, miaka ishirini na moja.
Dakika ya sita alinipiga tobo.
Dakika ya thelathini akanipiga tobo tena,
na uwanja wangu mwenyewe ukamshangilia yeye.
Hapo ningempiga ningekuwa na haki yangu, haki ya mtu aliyeaibishwa.
Sikumpiga. Nikangoja,
kama mchinjaji anavyongoja ng'ombe atulie.
Mpira ulikuwa umeshaondoka. Alikuwa akiutazama ukienda,
mguu wake umebaki nyuma, umesimama peke yake
kama mtu anayengoja basi.

Sauti yake sitaieleza.
Refa: kadi ya njano.
Jumatatu: bahasha.
Jumanne: jokofu, juu ya mkokoteni wa farasi,
watoto wa mtaa wakilisindikiza kama bibi harusi.

Miaka thelathini na minane nimejitetea kitandani.
Nasema: nisingekuwa mimi, angekuwa Berrueta. Kweli.
Nasema: tope lile lingelivunja hata hivyo. Huenda.
Nasema: watoto walikunywa maziwa baridi. Walikunywa.
Mafiga matatu hayo,
na kila chungu ninachoteleka kinamwagika.

Mwaka jana nilimkuta Salto, kituo cha mabasi,
anachonga funguo katika kibanda kisichozidi kabati.
Alinijua kabla sijakohoa. Akazima mashine.
Nilikuwa nimejiandaa kwa "kwa nini".
Akauliza: "Nilikuwa bei gani?"

Nikauona ubao. Nikaiona chaki.
Elfu tano, bei ya jokofu la mtumba.

"Elfu hamsini," nikasema.

Alinyamaza. Kisha akanyoosha mgongo,
akaonekana mrefu kidogo kuliko kibanda chake.
"Nyingi," akasema. "Basi walikuwa wananiogopa."
"Walikuogopa."
Hilo, angalau, halikuwa uongo.

Nikampa ufunguo wa mlango wa nyuma anichongee mwingine,
maana sikujua namna ya kuondoka.
Akaenda kwenye mashine, hatua tatu, kwa mwendo ule.
Cheche ziliruka. Aliupuliza, akaufuta kwa shati.
Nikatoa noti, nikaiweka mezani.
Akaisukuma irudi kwangu kwa kidole kimoja.
"Bure," akasema.