Kilo Sitini na Nne

Tukuyu ilinyeshewa wiki mbili mfululizo,
ukungu umekaa mlangoni pa ofisi ya ushirika
kama mteja asiye na haraka.
Kompyuta ikasoma: Tusekile Mwakipesile,
majani mabichi, Jumanne, kilo mia moja na moja.
Hakuna mchumaji anayefikisha mia na moja peke yake,
na mvua ile, na tenga lile.

Wakamwita Gwamaka, karani.
Ni wewe unayeketi hapa. Ni wewe mwenye nywila.
Akasema: niliandika thelathini na saba.
Alisema mara moja tu, kisha akaangalia viatu vyake.
Daftari la mizani lilikuwa limelowa,
wino wa mstari ule umetanda kama moshi wa kuni mbichi.
Unaona? Hata daftari amelilowesha.
Na Tusekile ni shangazi yake.
Hilo likatosha kuwa ushahidi.

Mimi niliitwa kutoka Mbeya siku ya tisa,
na begi langu la bisibisi.
Sikuigusa kompyuta. Niliomba daftari.
Daftari la mizani lina tabia ya kizamani:
kila mkulima na jumla yake pembeni,
kila siku na jumla yake chini,
na mvua haikufika pembeni wala chini.
Nikatoa, nikatoa tena. Mlalo ukasema thelathini na saba.
Wima ukasema thelathini na saba.
Mashahidi wawili wasiojuana.

Tofauti: sitini na nne.
Si sitini na tatu. Si sitini na tano.
Nikaweka kalamu chini.
Mwizi mwenye mikono huiba hamsini, huiba mia,
namba inayoingia mfukoni vizuri.
Sitini na nne ni mbili mara mbili mara mbili
mara mbili mara mbili mara mbili:
biti moja tu ndani ya kumbukumbu,
ililala sifuri, ikaamka moja
kabla hesabu haijahifadhiwa.
Nani aliigusa? Radi, joto, uchakavu,
chembe iliyosafiri kutoka nyuma ya nyota,
sijui.
Sikutaka kumsingizia hata radi.

Kumbukumbu ile ilikuwa ya bei rahisi, chipu nane,
kila moja inaaminiwa kwa inachosema.
Nikawawekea yenye chipu ya tisa.
Hii haibebi kilo ya mtu yeyote.
Kazi yake ni kuwakagua wenzake,
hapa shufwa, pale witiri, makundi yanayopishana,
na biti moja ikigeuka usiku
makundi yaliyovunjika huonyesha pale ilipo,
nayo hugeuzwa, irudi kama ilivyokuwa,
bila kikao, bila kuulizwa shangazi yake ni nani.

Meneja akauliza: na zikigeuka mbili?
Nikamwambia, hapo inajua kwamba kuna uongo,
haijui uko wapi.
Inakataa kuendelea. Inasimama.
Akacheka: mashine gani hiyo inayosusa?

Sikucheka. Nilikuwa nahesabu.
Kosa la kwanza nililisahihisha kabla ya chai ya saa nne,
na Tusekile akaja kuchukua malipo ya kilo zake thelathini na saba,
akazihesabu noti mbele yetu, taratibu, mara mbili,
akaondoka bila kuaga.
La pili lilikuwa limeshapanda basi Ijumaa
na godoro lililofungwa kamba.
Wanasema yuko Vwawa, anapalilia kahawa ya watu.
Simu yake inaita mpaka inachoka.

Ofisi imemwandikia barua.
Nilionyeshwa ili nifurahi:
mistari minne, "usumbufu uliojitokeza",
sahihi ya meneja, muhuri wa ushirika umekolea vizuri.
Jina lake wamelikosea herufi moja.