Mshika Kamba

Shimo la tatu, nyuma ya mapipa ya chokaa,
pale maji ya ngozi yanapolala wiki nzima
yakitunga harufu ya yai viza.
Wake zetu kule Njoro hutunusa kabla hatujapiga hodi.

Harufu ikikukera, shukuru.
Ikikatika ghafla ukadhani hewa imetakata,
jua pua imeshakufa, wewe unafuata.
Hilo hatukuambiwa. Tulilinunua.

Mbonea aliteremka kuzibua chujio,
Jumanne, saa nne, chai yake haijapoa.
"Leo mbona hapanuki," alisema kwenye kipago cha tano.
Alisema kwa furaha.
Anaeli akamrukia kumwokoa, maana nani angesimama akitazama?
Nami nilishatia mguu ngazini
Ndelilio wa stoo aliponidaka mkanda
akaniangusha chali kwenye tope.
Nilimtukana tusi ambalo sijalirudia.

Zimamoto walishuka na mitungi mgongoni.
Tukawalaza nyasini, upande upepo unakotoka.
Mtu akaja mbio na lita mbili za maziwa.
Muuguzi wa Mawenzi akayasukuma kwa kiwiko:
"Aliyezimia hanyweshwi!
Sumu hii haiko tumboni. Mfungueni shati,
msimzingire, mnamlia hewa yake."
Akamvisha Anaeli barakoa ya oksijeni.

Anaeli alirudi. Hata leo
majina ya wanawe huyapapasa
kama mtu atafutaye funguo gizani.
Mbonea, chai yake niliimwaga mimi.

Siku hizi tuna kipima hewa,
kidude cha njano, hulia kama kifaranga.
Hushuka chenyewe kwanza, kwa uzi.
Feni hupuliza nusu saa
na meneja hutazama saa yake,
nasi humtazama anavyotazama.

Kazi yangu ni kamba.
Mvuto mmoja: salama. Miwili: legeza.
Mitatu: nitoe.
Kimya: nitoe.

Vijana hucheka, mzee analipwa kukaa.
Naam, nalipwa kukaa.

Jumatatu anaanza Sifaeli, mwanangu wa pili.
Nilimwambia jana tukila, akaweka kijiko chini:
ukianguka mle, sishuki.
Usinisubiri ngazini.
Sitakufuata, baba. Nitavuta.