Daftari la Mabela

Kila Alhamisi, kiyoyozi kikinguruma,
shangazi Thuwaiba alivaa miwani, akatunyamazisha,
akaandika ukoo wa watu wa chomboni:
nahodha Taru, mkewe, na binti aliyezaliwa
upande wa pili wa wakati,
mkubwa kuliko babake.

"Huyu mama si yule," alisema msimu wa sita.
Tukamwambia, kabadilishwa mwigizaji tu.
"Sura nyingine, sauti nyingine, nasi tuitikie?"
Akaitikia. Jina hakulifuta.

Msimu wa kumi na moja ndio uliomchoma.
Nahodha alisema, nyota zote zikisikia:
"Mimi sikuwa na ndugu."
Kahawa ikamwagika zuliani.
"Mwongo! Alikuwa naye! Walimwacha kituoni,
mlango ukafungwa, nimeona kwa macho yangu!"

Leo nimelifungua daftari. Linanuka udi.
Ukurasa wa mwisho, kwa wino uleule,
chini ya nahodha na nduguye waliyemsahau:
Thuwaiba, mstari, Muhanna.
Alibaki Wete.

Nyumbani humu sijapata kulisikia jina hilo.
Nikampelekea baba.
Akalitazama kitambo,
akaniuliza chai iko wapi.