Daftari la Waliobonyeza

Nililiacha dukani, juu ya mashine ya kunakili,
jalada gumu, kalamu imefungwa uzi isitoroke.
Nikaandika mbele: *Cheza kwanza. Kisha sema kweli.*

Mchezo wenyewe ni huu: mtu mmoja, hana jina,
anatoka Sikonge na dumu la asali,
alifikishe stesheni ya Tabora treni haijaondoka.
Hupakui kitu. Unaingia kwa kivinjari,
hata simu yenye ufa inakubali.
Na kitufe ni kimoja.
Ukikigusa, anasalimia.
Ukikikandamiza, anapiga shoka.
Usipokigusa, anasimama.

Miezi saba nimeushona,
usiku, kila umeme uliporudi Isevya.

Ukurasa wa kwanza ni wa Kapela, kidato cha pili,
mwandiko unakimbia kama umeiba:
"Dada, nimemsalimia fisi, nikampiga shoka mama mkwe.
Kidole changu hakina breki. Ongeza kitufe cha pili."
Chini yake mwenzake:
"Cha tatu pia. Kiwe bunduki."

Bwana Mlekwa wa tumbaku, aliyekuja kunakili hati:
"Mizani ya soko lako inapunja.
Kilo kumi za asali zinasoma nane.
Kama umekusudia, hongera.
Kama umekosea, usirekebishe."
Nilikuwa nimekosea.
Sijarekebisha.

Herufi ndogo. Muziki kama gari la wagonjwa.
Bando limekata nikiwa katikati ya mto, nani atanivusha?
Mbona shujaa yuko pekupeku?
(Pembeni mtu kachora viatu, kavipaka wino mwekundu,
gidamu zimefungwa vizuri kuliko zangu.)

Mmoja hakuweka jina:
"Reli inapogawanyika nilibonyeza, nikaelekea Kigoma.
Mimi nataka Mwanza.
Nimecheza mara tisa. Mara tisa Kigoma."
Hilo nalijua. Njia ya Mwanza sijaichora.
Dada yangu alipanda treni ile mwaka juzi,
na mwisho wake sijui niweke nini.

Usiku nikapanga marekebisho:
herufi zinenepe, muziki upoe, viatu.
Na yule mtu, akikaa dakika nzima hajaguswa,
aondoke zake, mchezo ufe.
Maana asiyebonyeza, nilidhani,
ameshakwenda.

Kisha nikafunua ukurasa wa Nyamizi,
yule wa chapati mbele ya stesheni,
karatasi ina alama ya mafuta, duara la kidole gumba:

"Mimi sikubonyeza.
Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari.
Treni ya Mpanda ikachelewa, watu wakajaa,
nikakaanga, nikarudisha chenji, mtoto akalia, nikambeba,
nikagombana na mwenye noti iliyochanika.
Nilipogeuka, yupo palepale na dumu lake,
nyuki wawili wanamzunguka kichwa.
Hajanuna.
Nikamwuliza, wewe, mpaka sasa?
Sina maoni mengine.
Kitufe bado sijakigusa, naogopa ataanza kwenda."

Nililisoma nimesimama.
Nikalisoma nimekaa.
Nje mlinzi alikuwa akipiga miayo,
akauliza kama nafunga au nalala humo humo.

Nimeufuta ule mstari wa dakika nzima.
Mahali pake nimeandika mwingine, mfupi:
akisubiri sana, atue dumu chini,
anyooshe mgongo,
atazame upande ule ambako treni hutokea.
Nyuki wabaki wawili.

Viatu nitamchorea, vyekundu, vya kamba.
Mwanza bado.
Na kitufe, Kapela, unisamehe,
kitaendelea kuwa kimoja.