Kishale cha Kijani

Mimi niko Kutaisi, dada yangu Eteri yuko Thesaloniki,
ukurasa mmoja, vishale viwili:
changu cha buluu, chake cha kijani.
Tunaandika habari za tanuri ya baba
kabla mnunuzi hajabadili kufuli.

Naandika: "Shalva alioka mikate miaka arobaini."
Kijani kinakuja, kinafuta arobaini,
kinaweka thelathini na minane.
Sawa. Yeye ndiye aliyeshika daftari la madeni.

Naandika: "Hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni"
Kijani kinasimama. Kinapepesa, kinapepesa,
kama aliyeshika kitasa asiingie.
Kisha: "isipokuwa mimi"
Kisha, herufi moja moja, kutoka mwisho,
yanafutwa.

Usiku nikafungua historia ya matoleo.
Programu haijui kufunika kombe:
saa nne na dakika sita, Eteri, maneno mawili.

Nikayarudisha.
Sikuandika maoni pembeni. Nikangoja,
chai ikapoa, unga wa mwisho wa baba
bado uko kwenye mikunjo ya aproni msumarini.

Alfajiri kijani kikaja, kikagusa mstari,
kikaongeza nukta tu.

Tukabonyeza "Chapisha",
sijui nani alitangulia.